Gauni la Britta Lasafiri na Bunduki

Jumatano, 29 Mei

Gauni limekwisha! Ushanga wa mwisho nimeushona asubuhi. Nimejichoma kidole, damu haikugusa kitambaa. Dalili njema. Hariri nyeupe, mkia mrefu kama mto Missouri. Nimelishona kwa mikono yangu tangu theluji ya kwanza. Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu Britta ataolewa akiwa amelivaa, huko Savannah, Georgia, kwa kina Hollis, mchumba wake.

Sina raha hata hivyo. Nimeizunguka meza mpaka paka amehama. Sababu ni Eugenia, mama yake Hollis. Kapiga simu, sauti laini kama siagi. Eti gauni la harusi la bibi yake amelitoa kabatini, amelianika, liko tayari "endapo litatokea la kutokea."

Litokee nini? Najua alichomaanisha. Mwaka jana, tulipokwenda kwao kwa sherehe ya uchumba, ndege ilipoteza sanduku langu. Sherehe nzima nikavaa nguo za Eugenia. Maua mekundu makubwa kama sahani, zipu imeishia njiani. Kwenye picha zote nimesimama nyuma ya kochi.

Kwa gauni hili? Thubutu!

Orrin, mume wangu, anasema tulibebe mkononi, basi. Maskini Orrin. Ng'ombe anawajua, ngano anaijua, mipango hakujaaliwa. Ndege zinazotoka hapa Great Falls ni ndogo. Mlangoni wanakunyang'anya mzigo na kuusukuma chini. Na nani atakaa na mkia ule magotini mpaka Georgia? Kasema yeye. Nikamwambia aitazame mikono yake kwanza. Ametoka kulala chini ya trekta.

Ijumaa, 31 Mei

Nimepata jibu! Nimelipata saluni, kwa rafiki yangu Twyla, aliyekuwa akinipaka rangi kichwani. Nilikuwa namlalamikia mashirika ya ndege. Akainama sikioni. "Shoga, mzigo wenye bunduki haupotei."

Nikamwomba arudie.

Binamu yake ni mpiga picha. Kamera zake ni za bei mbaya, kwa hiyo kila akisafiri huweka bunduki humo humo kwenye sanduku la kamera, anaitangaza kaunta, sanduku linafungwa kufuli. Mzigo wa kawaida wanautupa kama gunia la viazi. Wa bunduki wanaubeba kama yai, maana ukipotea ni balaa, wakubwa wote watahojiwa. Kamera hazijapotea hata siku moja.

Niliruka kitini! Nilikuwa nyuma ya usukani kabla hajamaliza. Twyla alinikimbilia hadi barabarani akipunga taulo, nikadhani ananiaga. Kumbe rangi ilikuwa haijasuuzwa. Kichwa changu sasa kina rangi ya karoti. Si kitu. Kofia zipo.

Jumapili, 2 Juni

Nimemweleza Orrin baada ya ibada. Nataka bunduki ya marisau ya marehemu baba yake, ile ya kuwindia bata.

Akauliza tunakwenda kumpiga nani. Nikasema hakuna. Akauliza sasa inakwenda kufanya nini Georgia. Nikasema inalisindikiza gauni. Alinitazama kwa macho yale yale anayomtazamia ndama asiyekula. Halafu akaleta kasha lake. Gumu, jeusi, refu, ndani lina sponji, nafasi ya bunduki mbili. Kamili! Bunduki upande huu, bibi harusi upande ule.

Masharti nimeyasoma yote. Isiwe na risasi. Kasha gumu, kufuli imara. Ufunguo unabaki na mwenyewe. Na ufike kaunta useme mwenyewe kwa kinywa chako kuwa unayo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Naomba kutangaza bunduki." Mara ya kwanza nilisikika kama jambazi. Orrin, aliyekuwa akipita na ndoo, alinishauri nitabasamu. Nikatabasamu. Akasema heri jambazi.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga mizigo. Gauni nimelizungushia karatasi laini, likalala upande wake kama mtoto. Orrin alijifungia gereji mchana kutwa, akipiga mluzi. Akatoka na bunduki imeviringishwa kwenye taulo kuukuu, uso umejaa fahari. Akaanza kusema, "Mama, nimei—" Nikamkatisha. Hakuna muda wa hadithi! Nikailaza, nikabana kifuniko kwa goti, nikatia kufuli. Ufunguo nimeuficha kwenye sidiria. Mwizi mwenye adabu hatafika huko.

Eugenia kapiga tena. Anauliza kama gauni la bibi yake alipunguze mabega. Nimemjibu kwa upole kwamba mabega abaki nayo.

Jumatano, 5 Juni

Siku gani hii!

Kaunta ya Great Falls. Foleni ndefu. Zamu yangu ikafika, nikavuta pumzi, nikatangaza. Kwa sauti kubwa mno. Foleni nzima ikarudi nyuma hatua moja. Kijana wa kaunta hakutikisika. "Sawa mama, huku kwetu nani hana? Fungua tuone kama haina risasi."

Nifungue! Hapa, mbele za watu! Hilo sikulitazamia. Nikageukia ukuta, nikachomoa ufunguo, nikafungua. Gauni likafura na kumwagika kama maziwa yaliyochemka. Hariri kaunta nzima. Kijana akatazama huku na huku.

"Mama, bunduki iko wapi?"

"Chini ya bibi harusi."

Mzee mmoja nyuma yetu, mwenye ndoana za kuvulia samaki kofiani, akamuuliza Orrin kwani bwana harusi anakataa? Orrin akamjibu kwamba bado hawajamuuliza. Foleni ikaangua kicheko. Orrin hana masihara miaka nenda rudi, kachagua siku hii!

Nikatia sahihi kadi ya kutangaza bunduki, ikawekwa ndani ya kasha, tukalisukumiza gauni mahali pake, nikafunga. Kisha ukaguzi. Mashine ikalia. Askari wa kike akaniambia kuna chuma kifuani. Nikamwambia asihofu, ni ufunguo wa bunduki.

Jibu baya. Baya kabisa! Waliniweka pembeni, wakaita mkubwa, mkubwa akaita kaunta. Tuliingia kwenye ndege tukikimbia, Orrin amebeba viatu vyangu.

Minneapolis tulibadilisha ndege. Nilibandika pua dirishani kuangalia mizigo ikipakiwa. Nikaliona kasha! Jeusi, refu, mtu amelikumbatia. Nikalipungia mkono. Orrin akasema hilo ni tarumbeta la mtu. Nikamwambia aendelee na karanga zake.

Savannah. Joto la mvuke, kama umeinamia sufuria. Tukasimama kwenye mkanda wa mizigo. Begi la Orrin, lililofungwa kwa kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, likatoka la kwanza. Yakafuata ya wengine. Watu wakachukua, wakaondoka. Mkanda ukazunguka mtupu. Kisha ukasimama.

Nilipiga kelele. Sifichi. Niliwaita wezi, walevi, watu wasio na mama. Niliketi juu ya mkanda nikasema siondoki. Nikampigia Twyla, nikamwambia binamu yake ni mwongo na yeye ni mwongo. Nikampigia Britta huku nalia, gauni limepotea, mwanangu, limepotea.

Britta akasema taratibu, "Basi mama, usilie. Nitavaa la bibi yake Eugenia."

Usilie! Afadhali angenitukana.

Hapo Orrin akanigusa bega. Kwenye mlango wa ofisi ya mizigo alisimama ofisa na kasha langu. Kumbe mzigo wa bunduki hauwekwi kwenye mkanda! Unaletwa kwa mkono, unakabidhiwa kwa kitambulisho. Lilikuwa hapo tangu tulipotua. "Mama, tumekuita kwenye kipaza sauti mpaka tumechoka," akasema. "Ila kulikuwa na mtu anapiga kelele."

Nilimpa kitambulisho bila kumtazama.

Lakini limefika! Twyla alisema kweli! Nikamwandikia Britta: LIMEPATIKANA. Akajibu ameshukuru, ila ameshamwambia Eugenia, na Eugenia yuko na pasi ya moto, ananyoosha lile lingine.

Ana haraka ya nini yule mwanamke?

Alhamisi, 6 Juni

Nilipanga ufunguzi wa heshima. Nyumbani kwa Eugenia, chumba cha kulia, chai baridi ya sukari nyingi, shangazi wote wa ukoo wamekaa na feni za mkono. Nikaagiza kasha liwekwe katikati ya meza. Eugenia alinibusu, akaiangalia kofia yangu, akaangalia kilichochungulia chini yake. Akasema nywele zangu zimechangamka.

Nikafungua. Shangazi wote wakashika vifua! Nikajua uzuri umewazidi. Nikainua kidevu. Kumbe taulo lilikuwa limefunguka njiani, na walichokiona ni mtutu, umejilaza juu ya hariri kama bwana mwenye nyumba.

Hollis akanyoosha mikono yote miwili juu. "Mama mkwe, mimi nilishakubali!"

Walicheka, jamani. Na mimi nikacheka. Hata Eugenia alifuta machozi. Kwa dakika moja nilimpenda kila mtu mle ndani.

Kisha Britta akalinyanyua gauni, na kicheko kikakatika.

Doa. Kutoka kiunoni hadi gotini. Refu, la kahawia, limenyooka sawasawa kama mtutu uliolichora. Mafuta.

Wote tukamgeukia Orrin. Alikuwa amekuwa mdogo kwenye kiti. Akasema alisikia Georgia kuna unyevu, chuma kinashika kutu. Akaisafisha, akaipaka mafuta, akairudia mara ya pili, isije ikatuaibisha kwa wakwe. "Nilitaka kukwambia, mama. Ukasema hakuna muda."

Eugenia akaanza kuinuka. Nikajua anakwenda kulileta lile lingine. Nikatoka nje, nikajifungia kwenye gari la kukodi, madirisha yamefungwa, joto la tanuri. Nikakaa nikiangalia usukani.

Britta akaja, akaingia upande wa pili. Akasema yeye alitamani nilibebe mkononi tu, hata likikunjamana. Alitaka anione nashuka nalo. "Mama, kwa nini kwako kila kitu lazima kiwe vita?"

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye viatu. Mwishowe nikasema lilikuwa wazo la Twyla.

Akashuka. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Ijumaa, 7 Juni

Tulilala kwa Eugenia, lakini usingizi haukuja. Alfajiri nikashuka jikoni kunywa maji, nikamkuta Eugenia. Mikono ya blauzi ameikunja, mdomo hauna rangi, gauni langu liko mezani na doa amelifunika lote kwa unga laini wa mahindi.

Nilitaka kupiga kelele. Akaniwahi. "Kaa, Marlys. Nimeolewa kwenye nyumba ya wawindaji. Mafuta ya bunduki nayajua kuliko manukato."

Nikakaa.

Unga unanyonya. Unaufuta kwa brashi, unatia mwingine. Halafu sabuni ya vyombo, tone, kwa ncha ya kidole. Maji. Tena unga. Tulifanya hivyo mpaka jua likaingia dirishani na Orrin akatokea, akatuona, akarudi alikotoka. Doa likafifia, likafifia, likagoma. Likabaki kama kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni.

Eugenia akaliinua kwenye mwanga. Akalishusha. Akatoka, akarudi na gauni la bibi yake begani na mkasi mkononi. Lile gauni ni lesi tupu, kazi ya mkono, maua na majani, ya zamani sana. Nikaelewa anataka kufanya nini.

Nikasema hapana. Nashangaa hata sasa, lakini nilisema! Nilimshika mkono. "Eugenia, usithubutu. La bibi yako hilo!"

Akasema bibi yake alikuwa mwanamke mkali, na gauni lake linawasha. Yeye mwenyewe alilivaa, akajikuna kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni. Kila picha ya harusi yake mkono mmoja uko mgongoni. Hapo akakata.

Tumeshona kutwa, magoti yamegusana, lesi yake juu ya hariri yangu. Kamba wa baharini wa kukaanga waliletwa, tukala huku tumeshika sindano vinywani, jambo la hatari. Katikati ya kazi, bila kuinua macho, akaniambia jambo. Mwaka jana zile nguo za maua alizonipa ndizo zilikuwa nguo zake nzuri kuliko zote. Aliponiona nimejificha nyuma ya kochi, alijua nimezidharau. Tangu siku ile anapiga simu ajipatanishe na mimi, na kila akipiga anajikuta anasema kitu kibaya.

Sindano yangu ilisimama. Nikamwambia zilinibana tu, Eugenia. Zilinibana, nikaona aibu. Akanitazama kiunoni, akasema kweli, alipaswa kulifikiria hilo. Tukacheka mpaka uzi ukakatika.

Alipotoka kidogo niliazima miwani ya Orrin nikaikagua mishono. Yake ni midogo kuliko yangu. Imenyooka pia. Nimeudhika sana. Nimefumua mishono yangu ya karibu na kiuno nikarudia.

Jumamosi, 8 Juni

Imekwisha! Wameoana!

Britta aliingia na lesi imempanda kutoka gotini hadi kiunoni, kama mmea unaotafuta jua. Kanisa zima likavuta pumzi. Hollis alisahau maneno yake, mchungaji akamkumbusha mara mbili. Orrin alilia kwa sauti. Yule mtu hakulia hata siku ghala lilipoungua.

Britta alinikumbatia mlangoni. Akaninong'oneza kwamba halibadili gauni hili kwa jingine lolote duniani. Kisha akaninong'oneza, "Unaniponda, mama, niachie nipumue."

Kwenye karamu mwanamke mmoja mwenye lulu akauliza nani alibuni ile lesi, haijaonekana Savannah yote. Eugenia alinyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimeshajibu kabla hajamaliza kunyoosha: wazo langu. Likatoka lenyewe! Eugenia akainua nyusi. Nikaongeza kwamba mkwe mwenzangu alinisaidia hapa na pale. Nyusi hazikushuka. Nikasema sawa, alinisaidia sana. Akanishika mkono, tukaenda kucheza. Anakanyaga watu vibaya sana. Nimefurahi.

Jumanne, 11 Juni

Tuko nyumbani. Upepo, ng'ombe, paka amenuna. Bunduki imerudi ukutani, imefika salama salimini, ilitungoja ofisini Great Falls kama mgeni wa serikali. Safari hii sikupiga kelele. Nilimfundisha na mama mmoja aliyekuwa anahangaika mkandani pahali pa kuulizia.

Orrin, kwenye gari, aliniuliza kwa sauti ya kutafuta amani kama kuna nililojifunza. Nikamwambia mengi sana. Mpango ulifaulu mia kwa mia. Gauni lilipotea? Halikupotea. Kilicholeta matatizo ni mafuta, na mafuta hayakuwa kwenye mpango. Akawasha redio.

Leo asubuhi Britta amepiga simu. Anataka saa ya ukutani ya upande wa Orrin, ile ndefu ya mbao yenye kioo, akaiweke kwenye nyumba yao mpya. Tuipeleke Septemba. Nimekubali papo hapo. Halafu nikatazama kioo chake, nikaanza kuzunguka meza.

Orrin anasema tuiendeshe mpaka Georgia kwa gari lake la mizigo, ifungwe blanketi. Maskini Orrin.

Nimekwenda kwa Twyla kumwomba radhi kwa maneno ya simuni. Amenisamehe, amenirekebisha na nywele, sasa zina rangi ya chai. Na huku ananisuuza akaniinamia sikioni. Kumbe bunduki si kitu! Kuna mteja wake mmoja alisafiri na majivu ya marehemu mumewe, aliyechomwa kwa wosia wake. Hakuna aliyethubutu kumtupia mzigo. Wafanyakazi walivua kofia. Walimpa hata kiti cha mbele.

Nimesubiri nywele zikauke safari hii. Nimejifunza hilo.

Mama mkwe wangu, naye alichomwa, yuko kwenye kabati la kufulia tangu alipofariki, ndani ya kopo la buluu, juu ya sabuni. Mwanamke mpole. Hakupanda ndege maisha yake yote. Nimemuuliza Orrin kama haoni ni wakati mama yake akaione Georgia. Ameweka kijiko chini, amevaa kofia, amekwenda kwa ng'ombe bila kujibu. Nachukulia amekubali.

Nimeshapima. Anaingia vizuri kabisa ndani ya saa.